Mguu Usiocheka

Msambweni,
12 Machi 1957

Kwa mume wangu, Baba Mbeyu,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga. Sisi hatujambo, na mbuzi wa mama yako amezaa mapacha.

Katika barua yako ulimsifu Mbeyu kwa kuwa alikanyaga kaa la moto asilie. Nami nilijivunia, kisha nikajiuliza: mtoto wa miaka mitano, ushujaa huo kautoa wapi? Nikachukua unyoya wa kuku nikamtekenya nyayo. Mguu wa kulia ukaruka, naye akacheka mpaka akapaliwa. Wa kushoto ukatulia kama si wake.

Nikampeleka hospitali. Daktari alimfungua kile kitambaa cha kiunoni, akaliona shungi la nywele mgongoni, lile ambalo mama yako hulipaka mafuta ya nazi akisema ni baraka, tulifiche lisipatwe na kijicho. Akaniambia kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kamba laini, na ya mwanetu imenata chini tangu tumboni mwangu. Kila akirefuka inavutwa, na mguu unazidi kufa ganzi. Akipasuliwa, huu uliokufa huenda usirudi, lakini mwenziwe utanusurika. Nilimuuliza maswali mengi hata akacheka.

Jumatatu tunakwenda Mombasa akapasuliwe. Mama yako aliniuliza nani katoa ruhusa. Nilimwambia umeshaitoa wewe, kwa barua.

Basi, mume wangu, iandike upesi, usinifanye mwongo.

Mkeo,
Mwanarusi