Kisomeo cha Fundi Lifti

Jumatatu, 6 Machi

Tableti imekwenda. Ilinichomoka mkononi nikiwa ghorofa ya tano, ikateremka shimo la lifti ikigonga kila chuma kama inaaga. Nimeikuta chini vipande vipande. Memori kadi iko salama — nimeifuta mafuta, nimeibusu. Mlinzi wa jengo akaniona nikiibusu. Basi na iwe.

Kwenye kadi hiyo ndiko kiliko kila kitu changu. Michoro ya umeme, vitabu vya mwongozo, kurasa nilizoskani moja moja kwa miaka ishirini, za lifti ambazo viwanda vyake vilishafungwa. Nyingine nilizipata kwa kubembeleza, nyingine kwa kukaa ofisi za watu mpaka wakachoka na mimi. Wenye majengo hawaniiti kwa sura yangu. Wananiita kwa sababu mafundi wengine hawana karatasi hizo. Zikisambaa, nabaki mtu mwenye bisibisi tu.

Simu haifai. Herufi ndogo, macho yanawasha, betri inakufa kabla ya kazi. Nimeamua: kisomeo. Kile kifaa cha kusomea vitabu, chenye kioo kama karatasi, kinachokaa na chaji wiki nzima. Kiwe na mahali pa kuchomeka kadi. Kimeze nyaraka zote bila kulalamika. Kiwe cha bei ya mtu kama mimi.

Mama Mapacha, mke wangu, kasema kiwe pia cha kutoanguka.

Jumatano, 8 Machi

Duka la vifaa vya umeme, lile la kona. Muuzaji ana tabasamu pana kuliko duka lake.

"Hiki kinasoma kila kitu, bosi. Kila kitu!"

Nikamwuliza kama kinasoma PDF kubwa, zile za kuskani. Kila kitu! Na memori kadi? "Bosi, nimekwambia kila kitu. Au unataka nikuapie?"

Kioo chake ni cha kiganja. Bei ni nzuri — nzuri mno. Halafu akaleta lake: nimwachie kadi, nirudi kesho, ataijaribu kwa utulivu.

Kwa nini kesho? Kujaribu kadi ni kuchomeka na kuchomoa. Usiku mzima anaifanyia nini?

Nikamwambia kadi nimeiacha nyumbani. Ilikuwa mfukoni mwa shati. Nilitoka dukani nimeshika kifua kama mtu mwenye kiungulia.

Ijumaa, 10 Machi

Shemeji kaja. Mdogo wake Mama Mapacha, anayetengeneza kompyuta za ofisi ya bima. Kala, kashiba, kaanza kunishauri.

Kasema mbona najitesa. Kuna kisomeo cha bei ya chini kabisa, hakina hata pa kuchomeka kadi, hakihitaji. Unatuma faili zako kwa barua pepe, zinaingia zenyewe.

"Zinapita wapi?"

"Kwenye wingu, shemeji."

"Wingu la nani?"

Akacheka mpaka akapaliwa. Dada yake akampiga mgongoni, naye anacheka. Mimi sikucheka. Swali halikujibiwa. Nani anashinda na faili zangu huko juu?

"Shemeji, hakuna mtu duniani anayetaka michoro yako ya breki."

Kwa nini kataja breki? Mimi sikutaja breki.

Jumanne, 14 Machi

Spana kapiga simu. Fundi lifti mwenzangu, anashika majengo ya upande wa pili wa mji. Tunajuana tangu tukiwa vibarua. Mara tatu ameniomba nakala ya nyaraka zangu, mara tatu nimemwambia nitaangalia.

"Mkubwa, nasikia unatafuta kisomeo."

Anasikia kwa nani? Tunajua watatu: mimi, Mama Mapacha na shemeji. Mapacha wako bweni. Muuzaji hajui jina langu.

Kasema nisinunue cha kiganja. "Utalia, mkubwa. Mchoro wa lifti kwenye kitu kile ni kama kutazama mpira kwa tundu la ufunguo."

Nimekaa na maneno hayo mchana wote. Anapata nini nikikosa cha bei nafuu? Vikubwa bei zake hazishikiki, anajua. Anataka nibaki mikono mitupu, nimpigie yeye magoti. Mama Mapacha kasema labda anataka nisilie. Nikamwuliza kama ni yeye aliyemwambia Spana. Kasema walikutana kwa msusi, yaani mke wa Spana na yeye, na kwamba habari ya kisomeo si habari ya serikali.

Kumbe!

Kesho kutwa nanunua cha kiganja.

Alhamisi, 16 Machi

Nimenunua. Nilimsimamia muuzaji bega kwa bega. Kadi akaichomeka mbele ya macho yangu.

"Imesoma!" akasema. "Si unaona? Imesoma yote."

Kweli, majina ya faili yakajipanga, moja chini ya jingine, mpaka mwisho. Nikalipa. Nikatembea kama mtu aliyemshinda Spana.

Nyumbani nikafungua mchoro wa lifti ya benki. Lo! Ukurasa mzima umekunjwa kwenye kiganja. Waya zote mstari mmoja mweusi. Herufi kama sisimizi, tena sisimizi walio mbali. Nikivuta ukubwa, kioo kinakuwa cheusi, kinakuwa cheupe, kinafikiri. Nikisogeza pembeni kinafikiri tena. Nikafika kwenye swichi ya mlango nimesahau nilikuwa natafuta nini.

Sikumwambia Mama Mapacha. Aliona mwenyewe jinsi nilivyokifunika kwa gazeti.

Ijumaa, 17 Machi

Nimekirudisha. Zogo.

Nikamwambia hakisomi. Tabasamu likapungua kidogo. Akachomeka kadi, majina yakapanda. "Mzee, si hii hapa? Imesoma." Jana nilikuwa bosi, leo nimekuwa mzee.

Nikamwambia majina hayanitengenezei lifti. Kasema yeye alisema kinasoma, na kinasoma. Mama mmoja aliyekuja kununua balbu akachungulia, akatikisa kichwa: "Baba, kadi imesoma kweli." Hakimu kapatikana!

Mwisho akakichukua kwa bei pungufu, kwamba sasa ni kitu kilichotumika. Siku moja! Nimemtazama machoni nione kama alipanga tangu mwanzo. Nadhani alipanga.

Mama Mapacha kasikiliza yote huku anakunja nguo. "Yeye kasema kinasoma. Wewe ulitaka kisomeke. Mnabishana nini?"

Nimelala chali natafakari hilo. Miaka yote tunasema laini imesoma, kadi imesoma, flashi haisomi — na hatuulizi imesoma nini. Ingekuwa mtihani ningefeli kwa herufi mbili. Lakini muuzaji alijua. Yule alijua!

Jumapili, 19 Machi

Ujumbe kutoka kwa Spana. Ofisi moja ya wachora ramani za majengo inafungwa, wanauza vitu. Kuna kisomeo kikubwa, karibu upana wa karatasi ya kawaida, kina pa kadi, hakijachubuka. Bei ni chini ya nusu ya kipya. "Nimewaambia wakuwekee mpaka Jumatano."

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Hauna kosa. Hilo ndilo linalonisumbua.

Nikampigia. Kwa nini hakinunui yeye?

"Mimi nitasomea nini, mkubwa? Vitabu vyote unavyo wewe."

Akacheka. Si kicheko kibaya. Lakini kilikuwa kirefu.

Jumatano, 22 Machi

Nilifika ofisini kwao wakiwa wanabeba viti. Dada mmoja wa mapokezi, meza yake imeshauzwa, kaweka kisomeo juu ya magoti yake. Nikamwomba nikikague. Kasema nikikague hata mpaka kesho, yeye hana pa kwenda.

Nimekikagua. Nimefuta kila kitu, nikakianzisha upya kama kimetoka kiwandani. Nimezima mtandao. Nimetafuta kamera — hakina. Nimetafuta jina la Spana popote ndani yake. Dada akaniuliza kama mimi ni polisi.

Kisha nikachomeka kadi, nikafungua mchoro wa benki. Nikausubiri. Ukatokea mzima! Waya moja moja, namba moja moja, hata doa la chai niliyoumwagia mwaka fulani. Nikasogeza kichwa nyuma, bado nasoma. Nikatoka nje kwenye jua kali, nasoma vizuri zaidi. Ningepiga vigelegele kama si yule dada.

Kasoro moja: faili nzito zinachukua muda kufunguka. Nakubali. Hata mimi nachukua muda.

Jioni nimekiwekea neno la siri. Mama Mapacha kaniuliza neno lenyewe. Nikamwambia la nini? Kasema, je, ukiumwa? Nikamwambia nitakutajia nikiumwa.

"Na ukiumwa koo?"

Spana kapiga kunipongeza. Nilingoja aombe. Hakuomba. Kauliza mapacha wanaendeleaje, kaaga, kakata. Mtu asiyetaka kitu ni mtu ambaye hajasema bado.

Jumamosi, 25 Machi

Amesema.

Nimemaliza kula, simu ikalia. Yuko jengo lile la zamani karibu na stendi. Lifti imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne tangu asubuhi. Ndani yumo mama mmoja, peke yake, anatumia dawa za moyo na dawa ziko nyumbani. Zimamoto wamepigiwa, wako kwenye moto wa kiwanda. Mashine ni ile ya breki mbili, yenye bolti sita, mbili tu ndizo za kugusa ili chumba kishuke polepole. Ukigusa nyingine, chumba kinashuka bila kumngoja mtu. Spana hajawahi kuifungua. Nami nimeifungua mara moja tu, nikiwa na karatasi mbele yangu.

Anataka ukurasa huo. Nipige picha kioo cha kisomeo, nimtumie.

"Mmoja tu, mkubwa. Sitaki kitabu."

Mmoja tu! Ndivyo inavyoanza. Mwenye jengo lile ananiita mimi tangu zamani. Leo kamwita Spana. Kwa nini? Spana kasema walinipigia asubuhi sikupokea. Sikupokea, ni kweli, nilikuwa juu ya lifti ya benki. Lakini alijuaje?

Nikamwambia anisomee kibao cha mashine, nihakikishe ni ile. Kimefutika, kasema. Kibao cha chuma kinafutikaje? Nikamwambia basi nakuja mwenyewe na kisomeo changu. Kasema barabara ya stendi imefungwa, lori limelala, nitafika jua likizama.

Sauti yake imetulia mno. Mtu mwenye shida ya kweli hupiga kelele. Ingawa Spana hapigi kelele. Siku kebo ilipomchapa begani tukiwa vibarua, aliniomba maji ya kunywa kwa sauti hiyohiyo.

Kisomeo nimekiwasha. Faili la mashine ile ndilo zito kuliko yote, niliskani kwa pupa. Kioo cheupe. Simu iko mezani, spika nimeifungua. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Mama Mapacha kasimama mlangoni na bakuli la kuoshea. Haoshi.

Ukurasa umefunguka.

Nimejaribu kumsomea kwa mdomo. Nikamwambia bolti ya juu, upande wa kulia. Kauliza: "Kulia kwangu, au kulia kwa mchoro? Mimi nimesimama nyuma ya mashine, ukutani hakuna nafasi." Swali zuri. Nikatazama mchoro. Mchoro una mshale na kivuli na namba, nami sikuweza kusema ni kulia kwa nani. Nikamwambia asubiri, sioni vizuri.

Naona vizuri sana.

Akiupata huu atajua mashine ile. Majengo yenye mashine ile ni matatu hapa mjini, yote yangu. Na kama hakuna mama? Kama yuko kwake, miguu juu ya kochi?

Sasa kuna kugonga. Inatoka kwenye simu. Si nyundo. Ni kiganja kwenye bati, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani asiyetaka kumwudhi. Halafu sauti ya mwanamke, mbali, imechoka, anauliza wanamngoja nani.

"Mwenzangu anatafuta ukurasa, mama," Spana anamjibu kwa sauti ya juu ili asikike chini. "Ni mtu makini sana. Ana vitabu vyote. Vumilia, ataupata sasa hivi."

Mama Mapacha kaweka bakuli chini.

"Mkubwa? Uko hapo? Umeupata?"

Bado naandika.