Kamba wa Dama na Kibuyu cha Mama

Rongai,
Kupitia Nakuru,
9 Juni 1957.

Mpendwa ndugu yangu Kimaiyo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku baridini. U mzima? Na wifi yangu Dama je, joto la Mombasa halijawamaliza? Sisi hatujambo, ila Baba na magoti yake. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na yule ng'ombe mwekundu wa marehemu Mama amezaa jike.

Ule mfuko wa kamba wakavu aliotuma Dama nimeupata kwa Kiplangat wa reli. Maskini, behewa zima lilimnunia kwa harufu, na mbwa wetu walimsindikiza mpaka mlangoni.

Baba unamjua. Tangu uoe binti wa pwani bila kumleta nyumbani kwanza, jina lako halitajwi hapa akiwepo. Kwake yeye, anayekula samaki ni sawa na anayekula nyoka. Nami niliona hatamkubali Dama kamwe asipoonja chakula chake. Nikajipa moyo.

Nilifuata maagizo ya Dama. Kamba nikawaloweka, nikawatoa vichwa. Makaroni nilinunua kwa Mhindi mjini Nakuru, nikayachemsha kwa chumvi, nikayachuja. Nikakaanga vitunguu na nyanya, kamba wakaingia. Ni chakula rahisi, hata wewe usiyejua kusonga ugali utakiweza. Taabu ikawa nazi. Rongai hii nazi utaitoa wapi? Nikatazama huku na huku, nikakiona kibuyu cha Mama. Nikaepua sufuria, nikamimina mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Mchuzi ukawa wa kijivu kwa ule mkaa wa kibuyuni, nikajua leo nimeaibika.

Nilipomwandalia, Baba alikunja uso, akamwinua kamba mmoja kwa kijiko, akauliza mdudu huyu katoka wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba ametumwa na mke wa Kimaiyo. Nilidhani atasukuma sahani. Lakini moshi wa kibuyu ulikuwa umeshampanda puani. Unaukumbuka? Mama akisugua kibuyu kwa kijinga cha moto, sisi kando tunagombania kulamba kifuniko? Jamani, nilimkumbuka Mama hadi machozi yakanitoka, na Baba akayaona.

Akala. Akala taratibu mpaka sahani ikawa tupu. Kisha akasema, "Mama yako angemcheka huyo msichana, halafu angempenda."



Mume wangu Kipkemei anawasalimu. Shangazi Chepkemei wa Mau Narok naye anawasalimu, na anauliza kama hao wadudu huwa mnawala na macho yao. Mungu awalinde, awape afya na watoto wenye kelele.

Nilikuwa nafunga bahasha, lakini ngoja. Asubuhi hii Baba ametoka na fimbo yake, akarudi na matawi ya kufukizia vibuyu. Amechagua kibuyu kipya na kukisugua kwa mikono yake, kazi ya wanawake ambayo sijamwona akiigusa maisha yangu yote. Nikamuuliza ni cha nani.

"Cha mke wa Kimaiyo."

Maziwa ameshatia. Njooni kabla hayajaharibika.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako Jepkosgei