Kwa Baba Pulemau, Uliyetaka Kula Ukiona Njia

Mwaka umetimia, Baba Pulemau, tangu tulipokulaza kaburini hapa pembeni mwa nyumba, na bado hatujatulia.

Katika kisiwa chetu chote cha Savai'i, hapa Samoa, hatujaona msokotaji wa kamba za makumbi ya nazi kama wewe. Ulikaa sakafuni katika nyumba yetu ya nguzo, isiyo na kuta, ukiviringisha nyuzi pajani, jicho barabarani. Chakula kikiwekwa, hata kama ni shelisheli la kuchoma na kakao tu, hukumega kabla hujamwita mpita njia aje ale. Wengi walikataa kwa adabu, wakaenda zao. Wengine walikaa mpaka jua likapoa. Mama alinung'unika kwamba unalisha kisiwa kizima, huku akiongeza sahani.

Kisha Uelese, mwanao aliyeko Auckland, akakujengea nyumba ya matofali palepale ilipokuwa ile ya nguzo. Ikawa na vioo, feni na kitanda kirefu. Kijiji kilimsifu, nasi tukajiona tumekulipa wema. Tulikuletea sinia chumbani, tukafunga mlango vumbi lisiingie.

Ukaanza kurudisha chakula nusu. Tulisema ni uzee. Muuguzi akapima presha, akasema haina neno. Mara mbili Fetuao, bintiyo, alikukuta umebeba sahani ukienda kula ukingoni mwa barabara. Alikurudisha ndani, akiogopa majirani watasema hutunzwi.

Mara ya tatu ulimwambia, "Fetu, kaburi mlilonijengea ni zuri. Lina hata feni."

"Acha utani, Baba. Uelese akija Krismasi tutazungumza."

"Mimi ninakula leo, mwanangu."

Alicheka, akachukua sinia. Krismasi hukuifikia.

Mazishini Fetuao alimweleza kaka yake yote, bila kujitetea. Kesho yake Uelese alishika nyundo avunje ukuta wa mbele. Mama akamzuia mkono.

"Mimi ndiye ninayebaki humu," alisema. "Umeniuliza?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tulimwuliza siku hiyo, na tumemwuliza tena mwezi huu. Anasema bado anafikiri, tusimharakishe. Ukuta umesimama. Tunasubiri, Baba, ingawa kusubiri kunatuwasha.

Tunaokukumbuka ni mkeo Sinaumea, wanao Fetuao na Uelese, mkweo Lagi, na wajukuu zako watano.

Kukusahau hatutaweza.