Jina Ambalo Mlango Unalitaka

Jumamosi, 19 Julai

Mume wangu Lusajo karudi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na boksi. Nikadhani kaniletea sufuria. Kumbe nyumba janja! Spika nyeusi ya duara ya kukaa sebuleni, taa za kuzungumza nazo, na kitasa cha mlango chenye masikio. Fundi Gwamaka kashinda hapa na bisibisi yake. Karekodi sauti ya mume wangu na yangu. Niliambiwa niseme “habari za asubuhi” nirudie tena na tena, nikawa kama naimba kwaya. Taa zinamtii yeyote, ila mlango utafunguka kwa sauti hizo mbili tu, au kwa ufunguo. Kutoka ndani, kutoka nje, ni hivyohivyo. Eti usalama.

Ila kabla ya kuiambia chochote, lazima uiite mashine kwa jina. Jina unachagua mwenyewe. Lusajo kachagua bila kuniuliza. Kasimama katikati ya sebule, kifua mbele, kataja jina la baba yake mzazi. Anasema kamuenzi mzee!

Nimejifunika kitenge usoni nikakimbilia jikoni. Ugali wenyewe umeungua.

Jumapili, 20 Julai

Bado nina hasira, hata mahubiri sikuyasikia.

Mimi ni Mnamwanga wa hapahapa Tunduma. Nimeolewa kwa Wandali, Itumba. Kwao mke hamtaji baba mkwe jina. Hamsemeshi. Akitokea huku, wewe unapotelea kule. Mpaka siku mzee mwenyewe akufungue mdomo — anakupa kitu chenye uhai, mbuzi au kuku, na kuanzia hapo mnasalimiana kama watu wengine. Wake wa shemeji zangu, Fides na Tabita, walishafunguliwa zamani. Fides hata mwaka hakumaliza! Mimi mwanangu Luka yuko bweni darasa la tano, na bado naamkia ukuta.

Najua sababu. Siku ya harusi marehemu mama mkwe alisema mtoto wa mpakani mdomo wake haukai. Alisema nikiwa nasikia. Basi nimeukalia huu mdomo mpaka leo, sijateleza hata siku moja. Hata humu kwenye daftari lile jina sijawahi kuliandika. Namwita Baba wa Itumba, basi. Nataka siku moja aseme mwenyewe kwamba mke wa Lusajo ana adabu. Ndicho ninachokitaka katika ukoo ule, na si kingine.

Sasa mume wangu, mtu mwenye diploma, ananiambia nimwamrishe baba yake awashe taa ya bafuni!

Nimesema jina libadilishwe leo. Kakubali. Shida ni kwamba neno la siri analo Gwamaka. Na Gwamaka kaenda Saza kwenye machimbo ya dhahabu. Simu yake haipatikani.

Jumanne, 22 Julai

Naishi gizani nyumbani kwangu. Swichi za ukutani Gwamaka kaziziba, alisema ni mambo ya kizamani. Lusajo yuko forodhani na malori ya tajiri wake, harudi mpaka usiku. Ikifika jioni nasimama uani naita jirani: Nesta, njoo unitajie!

Nesta, muuza vitenge, anakuja na mkono kiunoni. Analitaja lile jina kama anaita mbuzi aliyeingia shambani. Spika inaitika: “Naam mama, nikusaidie nini?” Sauti ya kiume, nzito, ya mtu mzima. Leo ilipoitika nikajikuta nimepiga magoti.

Nesta kacheka mpaka kakaa chini. Awe! Unaipigia magoti spika? — Awe ni hapana kwa Kibemba, lakini kwa Nesta ni mshangao, ni kicheko, ni kila kitu. Ananidai vitumbua vinne kwa kila taa. Mjinga mimi, nampa.

Ijumaa, 25 Julai

Yesu wangu! Baba wa Itumba anakuja. Ana mtoto wa jicho, daktari wa macho atamwona Jumatatu. Atafikia hapa!

Lusajo anasema tusitaje mashine mbele ya mzee, hatajua. Nimemuuliza taa ataziwasha kwa kuzipulizia?

Jumapili, 27 Julai

Kafika. Nilimwona mgongo tu kupitia dirisha la jikoni. Koti la mvua, fimbo, na kuku mweupe kwapani. Nesta kanifinya: huyo kuku wako huyo! Lakini mzee kamwambia Lusajo kuku asiguswe, ni wa daktari. Basi. Nikarudi kwenye maharage yangu. Sijui kwa nini machozi yalinitoka, nimesingizia vitunguu.

Chooni kwetu kakataa kuingia. Choo anachotumia mkwe, yeye akitumie? Haiwezekani. Anatumia kile cha nje, cha zamani, huku fimbo ikipapasa njia.

Jioni mambo yakaharibika. Nilikuwa jikoni, nikasikia yote. Mzee anasimulia habari za kahawa na mvua, spika nayo ikaamka yenyewe ikaanza kusoma habari. Lusajo kwa hasira akaitaja jina akasema: nyamaza!

Mzee akanyamaza.

Lusajo hakugundua. Akaitaja tena: zima taa ya nje! Mzee kainuka! Nasikia mikono inapapasa ukutani, kisha anauliza taratibu: mwanangu, swichi iko wapi?

Nilijiziba mdomo kwa upawa. Kucheka nataka, kulia nataka. Lusajo kaeleza, kigugumizi juu ya kigugumizi, heshima, kumbukumbu, teknolojia. Halafu mzee kasema, kumbe nimesomesha ili nije kutumwa. Kaenda kulala, kuku kamfunga kwenye mguu wa kitanda.

Jumatatu, 28 Julai

Wamekwenda kwa daktari, wao na kuku. Wamerudi na bandeji jicho moja — na kuku. Nimemuuliza Lusajo kama daktari kamkataa kuku. Anasema mzee hata hakumtoa kikapuni. Uzee, anasema. Mh.

Jumanne, 29 Julai

Leo limetokea jambo. Nilikuwa nasonga ugali, mzee yuko sebuleni peke yake. Nikamsikia anazungumza na spika. Anaiita kwa jina lake mwenyewe, kwa adabu, kama mtu anayemwita wajina wake! Akasema: mwambie mpishi wa nyumba hii uji wa asubuhi ulikuwa mzuri, ila sukari apunguze.

Spika ikasema samahani, sijaelewa.

Mzee akasema hujaelewa wewe, mwenye kuelewa kaelewa.

Kwao ukitaka kumfikishia mkwe neno unaliambia ukuta, au mbwa. Yeye kapata ukuta unaojibu. Nami nikagonga mwiko kwenye sufuria, ko ko, kwamba nimesikia. Nikasikia anacheka kidogo puani.

Sukari kesho nusu kijiko. Nimefurahi kama mtoto, nakiri.

Jumatano, 30 Julai

Lusajo kavuka mpaka na malori ya tajiri wake, mpaka Ndola. Laini yake ya huku haishiki kule. Kaniachia ufunguo na utani: ukiupoteza utaongea na mlango, upende usipende.

Nimemwambia akaangalie mafuta ya lori, aniache.

Mzee kaiambia spika kwamba usiku kulikuwa na baridi. Nimempelekea blanketi la pili, nimeliacha mlangoni kwake nikakimbia. Baadaye spika ikaambiwa asante. Tunaelewana! Kwa mwendo huu kidogokidogo atanikumbuka, nasema.

Alhamisi, 31 Julai

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya mlango wangu mwenyewe. Nje.

Nilitoka asubuhi kufuata nyanya sokoni. Mzee amelala. Nikafunga na ufunguo kama kawaida. Narudi, napekua pochi: daftari hili lipo, kalamu ipo, nyanya zipo. Ufunguo hakuna! Nimerudi sokoni mbio, nimeinama chini ya kila meza. Wenye meza wananionea huruma, ufunguo hakuna.

Dirishani nondo. Mlango chuma. Lusajo hapatikani. Gwamaka ndiyo kabisa. Nesta kaja kalitaja lile jina kwa nguvu zake zote, mlango ukamjibu “Sauti yako haijasajiliwa.” Kaukasirikia. Kaenda kutafuta mtu wa kuchomelea vyuma.

Na ndani mzee kaamka.

Nasikia fimbo. Inakuja mlangoni, inarudi, inakuja tena upesi kuliko mwanzo. Choo chake kiko huku nje! Cha ndani hawezi kuingia kwa sababu yangu, na shida yake hawezi kunitajia, mimi ni mkwe. Nami siwezi kumwambia, Baba, ingia tu, Mungu anaona. Tumesimama pande mbili za chuma kama mabubu.

Kajaribu mwenyewe. Kakohoa, kajitaja jina lake kamili, kwa sauti ya mwenye nalo: fungua mlango!

“Sauti yako haijasajiliwa.”

Kisha nikamsikia anauambia: jina ni langu, niliachiwa na babu yangu, wewe umelipata Nakonde!

Ningecheka siku nyingine. Sauti inayotakiwa ni yangu. Nikilitaja akisikia kwa masikio yake, basi, mama mkwe alisema kweli huko kaburini, mtoto wa mpakani mdomo haukai. Fides atalisikia kabla ya Jumapili. Miaka yote hii bure. Nisipolitaja, mzee wa watu ataaibika ndani ya nyumba yangu, jicho moja limefungwa. Heshima gani hiyo ya kumwaibisha mtu?

Nimesogeza mdomo kwenye kidude. Nimenong'ona. Nimelitaja.

“Sijakusikia vizuri. Tafadhali rudia kwa sauti kubwa.”

Yaani mashine hii nitaipiga na nyundo! Fimbo ndani ikasimama. Kasikia. Yeye na jicho moja kasikia, chuma chenye masikio hakikusikia.

Nikangoja anilaani. Badala yake nikasikia mabawa yanapapatika karibu kabisa na mlango. Mzee anaongea na kuku.

Kasema: wewe kuku, mwambie aliyeko nje wewe ni wake. Nilikutoa Itumba kwa kazi hiyo. Daktari nilimsingizia tu, kila siku nilikuwa naona haya, nimemchelewesha mno mtoto wa watu, nitaanzia wapi? Mwambie nimekula kwake wiki hii, nimeona. Mwambie mdomo wake nimeufungua. Halafu mwambie ajitahidi, mzee kabanwa!

Jamani. Nimekaa hapa nalia na nyanya mapajani, na muda wa kulia hakuna. Mdomo umefunguliwa lakini umezoea kufungwa, unagoma. Fimbo inagonga chini, ko ko, kama mwiko wangu. Ananihimiza. Ngoja niliandike kwanza, mkono uuonyeshe mdomo njia.

Andongwisye. Baba Andongwisye, shikamoo. Andongwisye, fungua mlango