Alama ya Ngamia kwenye Jogoo

Jumamosi, Galbet. Joto la leo si la kusimulia, na upepo umetuletea vumbi hadi ndani ya sufuria. Nimekaa barazani, nimechoka, sijui nicheke au nilie.

Leo ilikuwa siku ya maonyesho ya kuku. Mimi na binti yangu Hibo tulianza kufuga mwaka jana bila kujua lolote. Boma la kwanza tulilizungushia miiba, kama la mbuzi. Kuku wakaruka juu yake, wakaenda kulala kwenye paa la jirani, na mtaa mzima ukapata cha kuzungumza.

Abo, baba yangu, hakucheka. Yeye ni mtu wa ngamia. Alihamia kwangu kutoka upande wa Habaswein baada ya ukame kulimaliza kundi lake, na tangu hapo ni mkeka na tasbihi tu. Haulizi kitu, hataki kitu. Kuku kwake si mifugo. Hata kuwafukuza mkekani aliona ni kujishusha.

Iliniuma kuliko nilivyoonyesha. Niliwaleta kuku kwa ajili ya mayai, ndiyo, lakini moyoni nilitumaini kelele za wanyama uani zingemchangamsha kidogo.

Hibo alimchagua jogoo mwekundu. Wiki nzima alimzoesha kushikwa, akamsugua miguu kwa mswaki wa zamani, akampaka mafuta mpaka akang'aa. Asubuhi ya leo tukamkuta amenyonyolewa manyoya pajani, na kwenye ngozi kuna jeraha bichi la moto. Alama ya ukoo wetu, ile ile waliyochomwa ngamia wa Abo.

Hibo alilia. Mimi nilikasirika. Nikamfuata Abo mkekani, nikaona kando yake kile chuma alichokuwa akiwachomea ngamia alama. Sikujua hata kwamba alikuja nacho mjini. Akanitazama bila wasiwasi wowote.

"Unampeleka mbele za watu bila alama? Akipotea, nani atajua ni wetu?"

Wetu.

Nikageuka, nikarudi kwa Hibo.

Tulimpaka jogoo dawa, tukaenda naye hivyo hivyo. Mwamuzi alimwinua, akamsifu kifua na miguu, kisha akafika pajani. Akauliza nani amemfanyia hivi. Nikajiandaa kuomba radhi, lakini Hibo akanitangulia.

"Ni alama ya ngamia wa awowe," akasema, yaani babu yake. "Amempa jogoo."

Mwamuzi, mtu mzima wa hapa hapa kwetu, alimrudishia Hibo jogoo wake. Kisha akatueleza kwa upole kwamba kuku mwenye jeraha hapewi nafasi yoyote, na kwamba tusirudie, maana ngozi ya kuku ni nyembamba sana. Alisema haki. Yule jogoo aliumia, wallahi, na mimi sitajifanya hakuumia.

Tuliporudi, Abo alikuwa amesimama mlangoni akitungoja. Akauliza tumepata nini. Nilitaka kumdanganya, lakini Hibo alimwambia ukweli wote: hatukupata kitu, na sababu ni alama. Abo akainamisha kichwa. Niliogopa nimempoteza tena, atarudi kwenye ukimya wake.

Badala yake akampakata jogoo, akalitazama lile jeraha kwa muda mrefu, akaomba maji ya chumvi. Alimsafisha mwenyewe. Halafu akamuuliza Hibo kuku hawa wengine hula nini, hunywa wapi, na kama bomani mwao huingia nyoka. Maswali mengi kuliko aliyowahi kuniuliza tangu aje.

Hibo alimjibu yote. Mimi nilijifungia jikoni nikalia.

Kesho nitanunua rangi nyeupe na brashi. Chuma hakitamgusa kuku tena, hilo nitamwambia Abo wazi. Kisha nitamwomba aichore alama yetu kwenye mlango wa banda, kubwa, hata anayepita barabarani ajue mifugo hii ni ya nani.