Mama Alichagua Intaneti

Mlali

Kaka Raphael,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa mama alitulea hivyo.

Uliposema utamfungia kitu nyumbani, majirani walimshauri achague king'amuzi. Yeye akachagua intaneti, ili awe anakuona uso. Kila ukipiga unaomba akuonyeshe shamba, naye anazunguka na simu mpaka mpakani, anafurahi kwamba umepakumbuka.

Jana, mama akiwa kanisani, alikuja mnunuzi. Mipaka yote anaijua, anasema aliiona kwenye simu yako. Unajua fika kwamba kwetu Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, si lako kuliuza. Nimemfukuza.

Mama sijamwambia. Sasa hivi amevaa kitenge kipya, ameshika simu, anakusubiri upige.

Scholastika