Serumu ya Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Assia,

Nimekukimbilia wewe kabla Ijumaa haijanifikia, maana nimebanwa kati ya mama mkwe mtarajiwa na mkuu wangu wa kazi, na kila mmoja ananinyooshea kidole, na yule ambaye angenitoa katikati ndiye ananiomba ninyamaze. Niite Ingrid. Ni daktari, natibu watu wazima waliolazwa katika hospitali moja hapa Bujumbura, na nimechumbiwa na Arnaud, mtumishi wa serikali ofisi za Kigobe, kijana mpole na mcheshi ambaye kasoro yake ni moja tu, hajawahi kumkatalia mama yake jambo lolote tangu azaliwe.

Mama yake ni Mama Dative, muuza vitenge wa mtaa wa Quartier Asiatique, unaweza kumsikia anapatana bei kabla hujaliona duka lake. Mwezi uliopita alishikwa na nimonia, akaletwa hospitalini kwetu akihema kama aliyepanda mlima, na kwa bahati, sijui nzuri au mbaya, akalazwa kwenye vitanda ninavyovisimamia mimi. Tukamwekea serumu, yaani ile chupa ya dripu, na antibiotiki ya kwenye mshipa, akapata nafuu haraka, homa ikashuka, akaanza kula, akaanza kuwauzia wauguzi vitenge akiwa kitandani. Hapo nikafanya jambo ambalo nimelisoma na kulijadili na wenzangu muda mrefu, kwamba tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha mgonjwa wa aina hii, homa ikishatulia, akipumua vizuri na akiweza kumeza, akihamishiwa vidonge anapona sawasawa na yule anayeachwa na dawa ya mshipa, tena anarudi nyumbani mapema, tena mishipa yake haiumizwi bure. Sisemi serumu ni mbaya, Shangazi, kuna wagonjwa ambao wasipokuwa nayo wanakufa, ila nimonia ya Mama Dative ilikuwa imeshavuka mto na mtumbwi hauna kazi tena nchi kavu. Basi nikamtoa ule mrija, nikamwandikia vidonge.

Ungedhani nimemvua nguo sokoni.

"We dokteri, unanitolea serumu juu ya nini?" akauliza. "Mi sijapona! Mutu anapona na vidonge, ni maumivu ya kichwa hii?"

Nikamwambia, "Apana, mama, vidonge vinatosha, ndivyo utafiti unavyosema," kisha nikaitwa kitanda kingine, nikaondoka. Dada yake, Mama Sephora, akasema nyuma yangu kwa sauti ya kusikika, "Anakuwa na haraka ya kurithi duka." Wagonjwa wakacheka, na mimi nikacheka, nikajifanya sijaumia.

Alirudi nyumbani anatembea mwenyewe. Kumbe huko nyumbani shangazi zake wote wakamvamia Arnaud kwamba mama anaachwa afe kwa vidonge, na Arnaud akamwita jirani yao Claude, ambaye ni muuguzi, akaja kumwekea mama serumu ya kuongeza nguvu, chupa ya maji ya sukari na vitamini, na ule mrija wakauacha mkononi siku baada ya siku ili kesho wasimchome tena. Mkono ukavimba, ukawa mwekundu, homa ikarudi. Wakamleta hospitali siku ambayo sikuwa kazini, na walipoulizwa walisema hajachomwa popote, kwamba kidonda ni cha mrija wetu wa mwanzo. Kwenye faili yake kukaandikwa kwamba mgonjwa amerudi na homa baada ya kuachishwa dawa ya mshipa mapema. Picha ya mapafu inaonyesha yanapona vizuri, anayeugua ni mkono, lakini nani anasoma mpaka mwisho?

Arnaud ndiye aliyeniambia ukweli, kwenye ngazi za hospitali, macho yakiwa chini. Nikamwambia twende kwa mkuu wangu, Dokta Rénovat, sasa hivi. Akanishika mikono. "Ingrid, tafadhali, mama ndiye aliyeitaka ile serumu, ataaibika. Wacha waseme ni vidonge vilishindwa. We utapoteza nini? Ni mgonjwa mmoja tu."

Mgonjwa mmoja! Dokta Rénovat, mzee makini ambaye tangu mwanzo aliniuliza wagonjwa wa tafiti zangu wanafanana vipi na wa kwetu, ameniita mbele ya wenzangu wote. "Ijumaa kwenye mkutano wa asubuhi," akasema, "uje na utafiti wako, na uje na mgonjwa wako. Kama vidonge vimeshindwa kwa mama mkwe wako, hapa kwetu tutarudi kwenye serumu kwa wote."

Nikisema kweli, naiaibisha familia ninayotaka kuingia, na mahari ilikuwa itolewe mwezi ujao. Nikinyamaza, nakubali kosa ambalo si langu, na wagonjwa watakaofuata watafungwa kwenye chupa bila sababu. Mama Dative mwenyewe sasa nikipita anageukia ukutani, hata salamu haitikii. Shangazi, niseme au nimeze?

Ingrid

*

Ingrid mwanangu,

Barua yako imenikuta Jumanne na gazeti letu linatoka Jumamosi. Ningekujibu kwenye ukurasa, ungesoma jibu baada ya kuchinjwa. Kwa hiyo nilichukua simu, nikafunga dirisha maana mafundi wa Buyenzi hawajui kugonga bati polepole, tukaongea. Wasomaji wangu, haya ndiyo niliyomwambia, na baada yake ndiyo yaliyotokea. Ingrid na Mama Dative wote wameruhusu niyachape. Majina si yao.

Pole, mwanangu. Kufanya jambo sawa na kupata lawama ya jambo baya ni uchungu, nakuelewa. Pole imekwisha, sasa nikugombeze.

Ulikuwa unafanya nini kumtibu mama mkwe wako? Hata kadhi hahukumu kesi ya shemeji yake. Siku ile alipolazwa ungemwendea Dokta Rénovat, umwambie, "Huyu ni mtu wangu, mpe mwenzangu." Uamuzi ungekuwa uleule na vidonge vilevile, lakini hakuna mtu angetaja duka.

La pili. Wewe umesoma tafiti muda mrefu, umejadiliana na wenzako, umeamini. Mama Dative ulimpa sentensi moja, ukaondoka. Yaani mambo yaliyokuchukua wewe miezi kuyakubali, yeye ayakubali huku unageuka mgongo? Alikuuliza swali zuri kabisa, mtu anaponaje na vidonge. Hukumjibu. Swali halikubaki hospitalini, mwanangu, alilibeba akaenda nalo nyumbani, na nyumbani likajibiwa na shangazi.

Sasa la Ijumaa. Kunyamaza usinyamaze. Huna haki ya kukubali kosa hilo, kwa sababu si wewe utakayelilipa. Atalilipa mtu ambaye bado yuko nyumbani kwake, hata hajaugua. Lakini pia usiende pale mbele ukautangaza mkono wa watu. Mnauzungumzia ninyi wote, wewe, Arnaud, Rénovat, Sephora, kama vile hauna mwenyewe! Mwenyewe yupo, amelala kitandani, na hakuna aliyemuuliza. Nenda kwake. Usimtume Arnaud, usimpitie Sephora. Mwambie Ijumaa kuna nini na umwombe ruhusa. Akikataa, mkutanoni zungumzia utafiti wako bila yeye, ila Dokta Rénovat umwambie ukweli faraghani, maana mgonjwa hatibiwi kwa faili ya uongo.

Ingrid akasema, "Shangazi, atanifukuza." Nikamwambia, "Basi utakuwa umefukuzwa ukiwa umesimama sawa. Nenda."

Alikwenda Jumatano mchana. Mama Dative alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bendeji, serumu kwenye mkono wa pili, safari hii ya lazima kweli. Ingrid akavuta kiti. Akamweleza kwa Kiswahili cha nyumbani, si cha faili: dawa ya kidonge ikishamezwa inaingia kwenye damu ileile, inafika kwenye mapafu yaleyale, ila inapita tumboni, na ndiyo maana walingoja kwanza tumbo lianze kukubali chakula. Mama Dative akasikiliza hadi mwisho. Kisha Ingrid akasema kuhusu Ijumaa, na kuhusu ile serumu ya nyumbani, na akaomba ruhusa.

Mama Dative akamgeukia.

"Mutoto, unaniomba ruhusa ya nini? Si we ulimutuma ule Claude?"

"Mimi?"

"Arnaud aliniambia, 'Mama, Ingrid amebadilisha mawazo, amemutuma Claude akuwekee serumu.' Mi nilisema apana, nimechoka na sindano, vidonge naona vinafanya kazi. Yeye akasema ni amri ya dokteri. Juu yako nilikubali. Mukono ukaoza, we hukuja hata kusema pole. Na Arnaud akasema tukubali kusema ni murija wa hospitali, ndiyo we usifukuzwe kazi."

Mnaelewa, wasomaji? Mama wa watu alidanganya hospitali ili kumlinda Ingrid! Na alikuwa anageukia ukutani kwa sababu alidhani aliyemlinda hana hata shukrani.

Ingrid anasema alilia tu, na Mama Dative naye akalia, halafu akachukua simu akampigia mwanawe. Arnaud alikuja na shati la kazini, akawakuta wawili wanamngoja upande mmoja wa kitanda.

"Ulisema uongo mbili," mama akamwambia. "Kwangu ulimuweka Ingrid, kwa Ingrid ukaniweka mi. We mwenyewe ulikuwa wapi?"

Kijana alijaribu. Alisema shangazi walimkaba, alisema aliogopa mama angekufa na yeye aonekane hakufanya kitu, alijua mama hatakubali sindano ila kwa jina la Ingrid. Mwisho akasema tu, "Niliogopa, mama." Hilo ndilo la kweli, na nampa alama kwa hilo peke yake.

"Basi uogope ukiwa unatembea," mama akasema. "Enda kwa Dokta Rénovat, umuambie kwa kinywa yako. Na we Ingrid, Ijumaa usimame, useme yote. Sema mukono ulikuwa munene kama muhogo. Miaka yangu tu ndiyo usiseme."

Alhamisi Arnaud alikwenda ofisini kwa daktari mkuu, peke yake, akasema. Faili ikasahihishwa. Ijumaa Ingrid akasimama mbele ya wenzake, akaeleza tafiti zinasema nini na hazisemi nini: si kila ugonjwa, si kila mgonjwa, si kabla ya homa kushuka. Dokta Rénovat hakumwonea huruma, alimuuliza maswali magumu, na mengine akajibu kwamba hajui. Mwisho mzee akasema vidonge vitaendelea kwa wanaofaa, ila hakuna mgonjwa atakayetoka mpaka yeye na anayemuuguza waelezwe kwa lugha wanayoota nayo, na wapewe nafasi ya kubisha.

Mapafu ya Mama Dative yamepona. Mkono unapona, polepole, utabaki na kovu. Claude nimesikia anapita mbali na nyumba yao siku hizi.

Sasa ninyi mnaosoma. Muuguzi wa jirani si duka la serumu. Ukitoka hospitali na vidonge, meza hadi mwisho uliopangiwa. Homa ikirudi au pumzi ikikata, rudi ulikotoka, na useme kila ulichofanyiwa nyumbani, hata kama ni aibu. Daktari hawezi kutibu alichofichwa. Na kama hukuelewa, mshike daktari koti lake jeupe usiliachie, uulize tena.

Na wewe Ingrid, umeniuliza kwenye simu kama uolewe. Umpende ukipenda, wallahi sikukatazi, ila mahari ya mwezi ujao isogezwe. Mwanamume aliyekwenda Alhamisi kusema kweli anaweza kuwa mume, lakini aliyedanganya pande mbili bado hajafika. Mpe muda, umtazame siku shangazi zake watakapomkaba tena, kwa jambo lingine. Na akikusumbua kuhusu tarehe, usibishane naye. Mwambie akaiombe kwa mama yake, maana nimeongea naye jana, na ameniambia tarehe anayo yeye, na haitoi.

Shangazi Assia